Mteja akilalamika mbele ya watu: somo la mitandao ya kijamii kwa wafanyabiashara wakimbizi wa Kampala

Mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge Nsambya ana kundi la WhatsApp lenye wateja zaidi ya mia moja. Kila asubuhi hutuma picha za mzigo mpya, na wateja huandika oda zao hapo hapo. Jioni moja mteja alituma picha ya aina nyingine: kitenge alichonunua wiki iliyotangulia, kimefuliwa mara moja tu, rangi ya buluu imeingia kwenye nyeupe yote. Chini yake aliandika swali moja: "Mama, ni hii uliniuzia?"

Kundi lilinyamaza. Mama alinieleza baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kufuta picha na kumwondoa yule mteja, maana yeye ndiye msimamizi wa kundi na uwezo huo anao. Binti yake ndiye aliyemzuia. Alimwambia watu wameshaiona, na akiifuta watajua kwamba anaficha kitu. Basi mama akatuma ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "Yaya, pole sana. Kesho uniletee ile kitenge, nitakupa ingine. Na wengine wote mulinunua ile ya buluu, muniambie."

Wateja watatu zaidi walijitokeza. Wiki ile alipoteza faida ya mzigo mzima, na muuzaji wa jumla wa Kikuubo alikataa kurudishiwa vitambaa vilivyobaki. Lakini hakuna mteja aliyetoka kwenye kundi. Mmoja wa wale watatu ndiye aliyemletea baadaye oda ya sare za harusi.

Naandika juu ya kisa hiki kwa sababu wafanyabiashara wengi ninaokutana nao Kampala wanaichukulia mitandao ya kijamii kama spika ya kutangazia. Wanauliza jinsi ya kupata wafuasi wengi, jinsi ya kupiga picha nzuri, saa gani ya kuweka tangazo. Maswali hayo yana maana. Lakini funzo kubwa la miaka hii ni lingine: mtandao umempa mteja sauti inayosikika na watu wengi, na biashara inajulikana zaidi kwa jinsi inavyojibu sauti hiyo kuliko kwa jinsi inavyojitangaza.

Kwa nini jambo hili lina uzito kwetu

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Watu wa Kampala wameitumia haki hiyo vizuri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kwamba asilimia 40 ya waajiriwa hao walikuwa raia wa Uganda. Tangu wakati huo maduka ya Wasomali ya Kisenyi na saluni na vyerehani vya Wakongomani wa Nsambya na Katwe vimekuwa sehemu ya mji.

Wakati huohuo msaada unapungua. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliondoa watu wapatao milioni 1 kwenye orodha ya mgao wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Wakimbizi wa mjini hawakuwa wakitegemea mgao huo hata kabla, kwa kuwa anayechagua kuishi Kampala anatarajiwa kujitegemea. Lakini wengi wana ndugu Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja, na ndugu hao sasa wanapiga simu kuomba pesa. Biashara ndogo ya Kampala inalisha nyumba mbili au tatu.

Mkimbizi pia anaanza biashara akiwa na upungufu mmoja ambao mwenyeji hana: hajulikani. Hakusoma na wanunuzi wake, hakuna shangazi yake mtaani atakayesema huyu ni mtoto wetu, na mara nyingi hawezi kutoa hati ya ardhi au mdhamini. Jina lake la biashara linajengwa kwa mambo anayoyatenda watu wakiona. Ndiyo maana malalamiko yanayotolewa mbele ya watu yanamtisha sana, na ndiyo maana pia jibu zuri linalotolewa mbele ya watu lina faida kubwa kwake.

Mashimo ya barabara na nguvu ya picha moja

Aprili 2023 watu wa Kampala walishuhudia jinsi malalamiko yanavyoweza kubadilika kuwa nguvu. Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika wananchi kwenye Twitter waweke picha za mashimo ya barabara za mitaa yao, chini ya alama ya reli #UgandaPotholeExhibition, yaani maonyesho ya mashimo. Picha zilikuja kwa mamia. Kabla ya hapo kila mtu aliona shimo lake tu, la njia yake. Sasa mashimo ya mji mzima yalikuwa yamepangwa sehemu moja kama bidhaa sokoni. Haikuchukua muda Rais Museveni akaagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 kwa ajili ya barabara za Kampala. Maonyesho mengine yakafuata, yakiwemo ya hospitali.

Mashimo hayakwisha Kampala, kila anayepanda bodaboda anajua. Lakini funzo kwa mfanyabiashara liko wazi. Watu hawakuanza kulalamika Aprili 2023. Walikuwa wamelalamika miaka mingi, kwenye teksi, kwenye ibada, kwenye foleni ya benki. Ofisi husika ilikosa mahali ambapo malalamiko yangepokelewa na kujibiwa, na watu wakajitengenezea mahali hapo wenyewe.

Mteja wako naye yuko hivyo. Akikosa pa kukuambia, ataambia wengine. Wateja wengi hawalalamiki kabisa, wanahamia duka la pili kimyakimya, nawe unabaki kujiuliza kwa nini mauzo yameshuka. Yule anayechukua muda wake na bando lake kukuandikia kwamba nywele ulizomsuka zimefumuka siku ya tatu amekupa habari ambayo ungelipia pesa kuipata. Anachotaka mara nyingi ni kidogo kuliko unavyoogopa: akubaliwe kwamba alichosema ni kweli, na aambiwe utafanya nini.

Jibu mapema, hata kama huna jibu kamili

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini unatufaa. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya, na maelfu ya abiria wakakwama viwanjani. Simu za mashirika ya ndege zilizidiwa. Shirika la KLM la Uholanzi liliamua kuwajibu abiria kwenye Facebook na Twitter, likiwatumia wafanyakazi wa idara mbalimbali. Hawakuweza kuziondoa zile ndege ardhini. Waliweza tu kusema wanachojua na wasichokijua, saa baada ya saa. Baadaye kazi hiyo ikawa idara ya kudumu, na shirika likafika mahali pa kuandika waziwazi kwenye ukurasa wake kwamba mteja atasubiri jibu kwa muda gani.

Muuza viatu wa Owino hana idara. Ana simu moja, na mchana kutwa mikono yake iko kwenye mzigo. Lakini anaweza kufanya kile KLM ilichofanya: kusema muda. "Najibu ujumbe saa saba mchana na saa mbili usiku" ni sentensi fupi, na WhatsApp Business, programu isiyolipiwa, inaweza kuituma yenyewe kila mteja mpya anapoandika. Mteja anayejua atajibiwa saa mbili usiku husubiri. Mteja anayeona alama mbili za buluu, akajua ujumbe wake umesomwa na hakuna jibu, huhesabu kwamba amedharauliwa.

Jibu si lazima liandikwe. Kampala mteja wako mmoja anasoma Kiganda, mwingine Kifaransa, mwingine Kisomali, na wengine hawasomi lugha yoyote kwa urahisi. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika unawafikia wote hao ukizungumza lugha wanayoielewa, hata kama unaijua kwa kuungaunga. Msomali anayemwambia mteja wake Mganda "nnyabo, nsonyiwa", hata kwa lafudhi ya Kisomali, ameomba radhi kwa namna inayoeleweka mtaani.

Bei iwe wazi

Kuna tabia moja iliyoenea Afrika Mashariki yote: picha nzuri ya gauni, na chini yake, "bei njoo inboksi". Wauzaji wana sababu zao. Wengine wanaficha bei ili mshindani asiishushe, wengine wanataka kumpima mteja kwanza. Tatizo ni kwamba mteja naye anaijua sababu hiyo ya pili. Anahisi kwamba bei itategemea jina lake, lafudhi yake, au mtaa anaoishi.

Mkimbizi anaijua hali hiyo kutoka upande wa pili. Wangapi kati yetu wameulizwa kodi ya nyumba ikapanda mara tu mwenye nyumba aliposikia wanavyozungumza? Mtu aliyetendewa hivyo ana sababu ya kuandika bei yake waziwazi, na kueleza pia kama inapungua kwa anayechukua nyingi. Bei ya wazi inapunguza maswali, inaokoa bando la pande zote mbili, na inamwambia mnunuzi kwamba yeye na jirani yake watalipa sawa.

Usitegemee kiwanja cha mwenzako

Hapa Uganda tumejifunza jambo moja kwa uchungu. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo. Kwa mwenye duka kubwa pesa hiyo ilikuwa ndogo. Kwa mteja wa kipato cha chini ilitosha kumfanya asifungue simu siku tatu kwa wiki. Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2021, ikabadilishwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 2021. Mitandao ya kijamii ilizimwa, intaneti yote ikafuata kwa siku kadhaa, na hata baada ya mitandao mingine kurudishwa, Facebook ilibaki imefungwa kwa miaka. Aliyeweza kutumia VPN aliendelea kuingia. Lakini muuzaji aliyekuwa na wafuasi elfu tatu kwenye ukurasa wake, bila namba ya simu ya hata mmoja, aliamka asubuhi akiwa hana mteja.

Wakimbizi walikuwa na tatizo lao jingine juu ya hilo. Kabla ya Tume ya Mawasiliano, UCC, kuruhusu mwaka 2019 laini za simu zisajiliwe kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho, wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki au mwenye nyumba. Ugomvi ukitokea, mwenye jina huichukua laini, na pamoja nayo hupotea wateja wote na pesa za simu zilizomo.

Kutokana na hayo, mambo mawili hayana mjadala. Laini ya biashara iwe kwa jina lako. Na majina na namba za wateja wako wa kudumu yaandikwe kwenye daftari, kwa kalamu, pamoja na alichonunua na alichokilalamikia. Ukurasa wako wa TikTok ni kibanda kwenye kiwanja cha kukodi. Ni kizuri maadamu kipo, lakini mwenye kiwanja anaweza kubadilisha mawazo, na serikali inaweza kufunga barabara ya kuingilia.

Uso wa mteja si tangazo lako

Saluni nyingi huweka picha ya mteja aliyemaliza kusukwa, na maneno "mteja wetu wa leo". Kwa mji wa kawaida ni jambo dogo. Kwa jamii yetu si dogo. Miongoni mwa wateja wako yupo mwanamke aliyemkimbia mume mwenye silaha, yupo kijana anayetafutwa na watu wa kikundi alichokihama. Picha yake ikiwa na jina la saluni na mtaa nyuma yake, umemwonyesha anayemtafuta mahali pa kuanzia.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie kabla taarifa zake binafsi hazijatumika. Lakini hata bila sheria, swali "naweza kuweka picha yako?" linachukua sekunde moja. Akisita, piga picha ya nywele kutoka nyuma. Vivyo hivyo kwa wadaiwa: kuweka picha ya mtu kwenye stetasi yako na kuandika kwamba amekataa kulipa kunaweza kukurudishia shilingi elfu hamsini, na kunawafundisha wateja wote wengine kwamba siku wakikwama utawaanika.

Na pale malalamiko yasipokuwa ya kweli? Yapo. Mshindani hutuma mtu, au mtu asiyetaka wageni huandika matusi kuhusu nchi uliyotoka. Jibu mara moja, kwa adabu, kwa ukweli na tarehe: "Dada, kwenye daftari letu sioni oda yako. Nitumie risiti ya malipo tuitazame pamoja." Kisha acha. Wanaosoma wataona ni nani alitukana na ni nani alitaka kutazama risiti. Ukijibu tusi kwa tusi, kitakachobaki akilini mwao ni tusi lako.

Na sisi wa mashirika?

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, kana kwamba mafunzo haya ni ya wauza vitenge peke yao. Mimi ni afisa mawasiliano, na niliwahi kusimamia ukurasa wa shirika moja hapa mjini. Tulitangaza mafunzo ya ushonaji. Chini ya tangazo watu wakauliza swali lilelile, mmoja baada ya mwingine: mwenye kadi ya makazi anayeishi Kampala anaruhusiwa kujiandikisha? Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini kwa utaratibu wetu jibu lilipaswa kupitishwa na ofisi tatu, na siku tisa zikapita kimya. Siku ya kumi tuliweka picha za uzinduzi, wageni wa heshima wakikata utepe.

Katika siku hizo tisa mtu mmoja kwenye kundi jingine alikuwa akiuza fomu za mafunzo yetu kwa shilingi 20,000. Fomu zilikuwa za bure. Sijui aliuza ngapi. Najua tu kwamba biashara yake iliwezekana kwa sababu ya ukimya wetu.

Matapeli wa kuhamishiwa nchi ya tatu wanaishi kwa njia hiyohiyo. Huduma za UNHCR, pamoja na mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, hazilipiwi hata shilingi. Hilo limeandikwa kwenye mabango. Lakini mtu aliyeuliza kuhusu faili lake miezi minane bila jibu hasomi bango, anamsikiliza yule anayepokea simu.

Baada ya tuhuma za mwaka 2018 kuhusu hesabu za wakimbizi, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za mwili, na mwaka huohuo ukaanzishwa mfumo wa pamoja wa maoni na malalamiko wenye simu ya bure, unaopokea watu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini simu hiyo ni ya watu wawili, mpigaji na mpokeaji. Swali la watu mia likijibiwa mmoja mmoja linabaki kuulizwa mara mia. Likijibiwa mbele ya watu, pale lilipoulizwa, hata kama jibu ni "hapana" au "hatujui bado, tutawaambia Ijumaa", watu tisini na tisa hawana haja tena ya kumtafuta dalali.

Tofauti yetu na mama wa Nsambya ni kwamba mteja wake anaweza kwenda duka la pili. Mkimbizi anayehudumiwa na shirika hana duka la pili. Kwa hiyo shirika linaweza kunyamaza miaka mingi bila kuona hasara kwenye vitabu vyake. Hasara inabebwa na aliyenunua fomu ya bure kwa shilingi 20,000.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimkumbusha mama wa vitenge methali hiyo nilipokuwa naagana naye. Alicheka, akasema kitenge cha buluu nacho kilikuwa chema kwa macho. Siku hizi kila mzigo mpya ukifika anakata kipande kidogo, anakifua kwa sabuni na kukianika, kisha anatuma picha mbili kwenye kundi: kabla ya kufuliwa na baada. Hakufundishwa na shirika lolote. Alifundishwa na yule mteja ambaye karibu amwondoe.